Msomaji anauliza: Je, ujumbe wa simu unaweza kuchukua nafasi ya ving'ora katika jengo la ghorofa 12?

"Ninasimamia jengo la ghorofa 12 jijini Dar es Salaam. Chini hadi ghorofa ya 3 ni maduka na stoo, ya 4 hadi ya 8 ni ofisi, ya 9 kwenda juu wanaishi familia. Tuna kengele za moto za zamani, lakini zinalia ovyo kiasi kwamba watu hawainui hata kichwa. Kampuni moja imetuletea mfumo wa kisasa: programu ya simu, SMS, na kamera zenye akili bandia. Wanasema tunaweza kuondoa ving'ora kabisa kwa sababu siku hizi kila mtu ana simu. Mwenye jengo amevutiwa. Nina mpangaji mmoja kiziwi na mzee mmoja wa kiti cha magurudumu. Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kuwaka. Je, tununue? Na kama siyo, tuanzie wapi?"

Ndugu msimamizi, nianze na jibu, maelezo yafuate. Msiondoe ving'ora, na msisaini mkataba huo kama ulivyo. Baadhi ya vitu mnavyouziwa vina faida ya kweli, ila vimewekwa kuwa msingi wakati kazi yake ni kuongezea. Hofu uliyonayo ina sababu: kengele yenu haiaminiki, mna watu wanaolala juu ya maduka na stoo, na mna wawili ambao mlio au ngazi peke yake haiwaokoi. Mambo hayo matatu ndiyo yaongoze usanifu. Orodha ya bidhaa za muuzaji ije baadaye.

Tuanze na hoja ya simu. Kwamba kila mtu ana simu ni kweli saa nne asubuhi ofisini. Sasa fikiria saa nane usiku, ghorofa ya 11. Simu iko sebuleni kwenye chaji, imewekwa kimya, bando limeisha tangu jioni. Hata bando likiwepo, simu nyingi za Android huilaza programu isiyofunguliwa muda mrefu ili kutunza betri, kwa hiyo arifa inaweza kufika ikiwa imechelewa au isifike mpaka mwenyewe aiwashe simu. Mteja aliyeingia dukani dakika tano zilizopita hayumo kwenye orodha yenu, wala mgeni aliyekuja kulala kwa shangazi yake, wala kijana aliyepandisha mzigo stoo.

SMS haihitaji bando, na hapo ndipo wengi wanapodhani tatizo limeisha. Lakini SMS hupokelewa na mtambo wa kampuni ya simu, huhifadhiwa, kisha hupelekwa kwa zamu; hakuna anayewahakikishia kwamba itafika ndani ya sekunde kadhaa. Mkiwa na namba 1,200 na mkataba wenu unaruhusu ujumbe 10 kwa sekunde, zitapita dakika 2 kabla ya ujumbe wa mwisho kuondoka tu, achilia mbali kufika. Na moto ukishaonekana kutoka barabarani, mtaa mzima hupiga simu kwa wakati mmoja na mnara hulemewa. Kama jengo lina antena za ndani za mtandao zinazotumia umeme wa jengo hilohilo, umeme ukikatwa nazo huzimika.

Simu zina kazi nyingine ambayo zinaifanya vizuri. Zinafaa kuwaita walinzi na viongozi wa ghorofa, kumjulisha mwenye jengo aliye safarini, kuwaambia wafanyakazi walio nje wasiingie, kumtikisa mtu kiziwi anayetembea na simu mfukoni, na kutoa maelezo baada ya watu kutoka. Kwa hayo, zinunuliwe. Kumwamsha mtu usingizini na kumtoa ndani ya dakika chache ni kazi ya vifaa vilivyofungwa ukutani, vyenye betri yake na nyaya zake.

Sasa kengele zinazolia ovyo. Hili lisiposhughulikiwa kwanza, kila mtakachonunua kitapuuzwa vilevile, hata kiwe cha gharama gani, maana watu huiamini kengele kulingana na historia yake. Kitambua moshi cha kawaida kina mwanga ndani ya kijumba kidogo cheusi. Chembechembe zikiingia, mwanga hutawanyika na kugonga kihisi. Hakijui kama chembe hizo ni moshi wa waya unaoungua, ubani na udi wa Ijumaa, mvuke wa bafuni, vumbi la marobota yanayoburutwa stoo au mdudu aliyetaga humo. Ukanda wetu wa pwani unaongeza unyevu na chumvi, ambavyo huchafua kijumba hicho na kutia kutu kwenye viunganishi.

Dawa yake si kuvivua wala kuvifunika na mifuko ya nailoni. Jikoni wekeni vitambua joto. Sebuleni na korido za makazi wekeni vitambua vinavyopima moshi na joto kwa pamoja na kulinganisha kabla ya kuamua. Stooni moshi unabaki kuwa kipimo sahihi, kwa sababu nguo na makatoni hufuka muda mrefu kabla ya joto kupanda. Huko usafi wa kitambua ndio unaohitajika, kwa ratiba ndefu au fupi kutegemea vumbi. Kitambua chenye umri wa miaka 10 na zaidi kibadilisheni bila majadiliano.

Kisha angalieni paneli, yaani kisanduku kikuu kinachopokea ishara za vitambua na kuamuru ving'ora. Kwa maelezo yako, yenu huenda ni ya kanda, ile inayowasha taa moja kwa eneo zima: "kanda ya 2". Mlinzi anapanda, anazunguka ghorofa mbili, haoni kitu, anarudi kuizima. Baada ya mara kadhaa haendi tena. Paneli ya anwani hukitambua kila kifaa kwa namba yake na kuandika "stoo ya nyuma, ghorofa ya 2", na hutoa taarifa mapema kuwa kitambua fulani kimeanza kuchafuka. Hapo ndipo mfumo unapoanza kuwa na akili, na haihitaji intaneti hata kidogo.

Ukiwa na anwani unaweza kupanga hatua mbili. Kitambua kimoja kikihisi moshi, paneli inawaita walinzi peke yao na kuwapa dakika 2 au 3 za kwenda kuangalia. Kitambua cha pili kikihisi, au mtu akibonyeza kitufe cha dharura, au muda ukiisha bila mlinzi kuthibitisha, tangazo linaanza bila kumsubiri mtu. Mpango huu unapunguza sana milio ya bure, lakini una sharti moja: lazima awepo mtu macho na mwenye funguo. Kama usiku mna mlinzi mmoja tu na yuko getini, ondoeni muda huo wa kusubiri kuanzia mnapofunga maduka mpaka asubuhi.

Nitakaa kidogo kwenye sauti, kwa sababu majengo mengi yenye kengele nzima hushindwa hapa na hakuna anayegundua mpaka siku ya moto. Chukua king'ora cha desibeli 100 kinapopimwa mita 1 kutoka kilipo. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa takribani desibeli 6: mita 2 ni 94, mita 4 ni 88, mita 8 ni 82. Mlango wa kawaida hukata kama desibeli 20, na mlango mzito wa kuzuia moto kama 30. Kwa hiyo familia ambayo mlango wake uko mita 8 kutoka king'ora cha ngazini, nyuma ya mlango mzito na mlango wa chumba, inabakiwa na desibeli 32 hivi penye mto wa kulalia. Hiyo ni sauti ya mnong'ono, na feni tu inaishinda. Kanuni ya Uingereza, BS 5839, inataka desibeli 75 kichwani pa kitanda ili mtu aamke, na 65 katika maeneo ya kawaida au 5 juu ya kelele iliyopo. Kanuni ya Marekani, NFPA 72, nayo inataka 75 penye mto wa kulalia, na kwa vyumba vya kulala inasisitiza mlio mzito wa hezi 520, kwa kuwa milio myembamba huwapita watoto, wazee na wenye usikivu hafifu.

Maana yake ni kwamba kwenye makazi king'ora cha korido hakitoshi. Panatakiwa kifaa cha sauti ndani ya kila nyumba, na ikiwezekana ndani au mlangoni pa kila chumba cha kulala. Kuongeza king'ora kikali zaidi koridoni si suluhisho. Anayepita karibu ataziba masikio badala ya kusikiliza, na aliyelala bado hatasikia.

Upande wa maduka tatizo ni jingine: kelele. Muziki wa dukani lazima ukatwe wenyewe tangazo linapoanza. Kwa muziki wa jengo, paneli inazima chaneli. Kwa duka lenye spika zake za kuvutia wateja, fungeni swichi inayokata umeme wa soketi za muziki kwa amri ya paneli, na liandikeni kwenye mkataba wa upangaji, maana hakuna atakayekubali kwa hiari baada ya kuhamia.

Je, iwe kengele au sauti ya mtu? Wengi hudhani hatari kubwa ni taharuki, kwamba watu wakiambiwa kuna moto watakanyagana, hivyo bora wasiambiwe. Yanayojulikana kuhusu mwenendo wa watu kwenye mioto yanaonyesha tatizo la kawaida ni kuchelewa. Mtu husikia mlio, humtazama jirani yake, humalizia mazungumzo, huhesabu hela za droo, hushusha shata. Dakika zinakwenda kwa sababu mlio haukumwambia kitu. Sauti inayotaja kilichotokea, mahali, cha kufanya na njia ya kupita hufupisha kusitasita huko. Kwa jengo lenye maduka, ofisi na makazi kwa pamoja, ningeweka mfumo wa spika badala ya ving'ora vitupu, bila kusita.

Ujumbe urekodiwe mapema na mtu mwenye sauti thabiti, asiyekimbia. Uanze na mlio wa tahadhari wa sekunde chache, kimya kifupi, maneno, kimya, kisha urudiwe. Mfano:

"Tahadhari. Kuna moto ghorofa ya 2. Walio ghorofa ya 2 na ya 3, tokeni sasa kwa ngazi iliyo karibu nanyi. Msitumie lifti. Msibebe mizigo."

Kwa ghorofa nyingine wakati huohuo: "Tahadhari. Kuna tukio linashughulikiwa ghorofa ya 2. Jiandaeni kutoka. Subirini tangazo lijalo." Kiswahili kwanza, Kiingereza kifuate, na kama mna wapangaji wengi wa lugha nyingine iongezeni ya tatu, lakini isizidi hapo, la sivyo anayesubiri lugha yake atasubiri mno. Epukeni maneno ya siri kama "msimbo mwekundu". Wateja hawayajui, na aliyefundishwa mwaka jana amesahau.

Andaeni pia ujumbe wa kusahihisha kosa. Januari 2018 wakazi wa Hawaii walipata tahadhari ya kombora kwenye simu zao. Ilitumwa kimakosa, na ujumbe wa kukanusha kwa njia ileile ulichukua dakika 38, kwa sehemu kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuandaa. Lakini ujumbe wa "mko salama" una hatari yake. Tarehe 11 Septemba 2001 New York, baada ya mnara wa kaskazini kugongwa, lilitolewa tangazo katika mnara wa kusini kwamba jengo ni salama na watu warudi ofisini. Wapo waliokuwa wakishuka wakageuza, kisha mnara huo nao ukagongwa. Kwenu, ruhusa ya kurudi ndani itolewe kwa kinywa na kamanda wa Zimamoto aliyepo hapo au na mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo, na isiwe kitufe cha kubonyezwa na yeyote.

Dharura si moto tu. Mtu akiingia na silaha, mlio wa moto utawatoa watu vyumbani na kuwapeleka kwake. Mkiwa na ujumbe wa ulinzi, uwe na mlio tofauti kabisa na maneno yake: fungeni milango, zimeni taa, kaeni mbali na madirisha. Hilo la madirisha lisikosekane. Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, mlio wa kwanza karibu na ubalozi wa Marekani uliwavuta watu wa majengo ya jirani kwenye madirisha kutazama. Mlipuko mkubwa ulipofuata, wengi waliumia macho kwa vioo. Mlipuko au milio ya risasi ikisikika nje, amri ya kwanza ya spika iwe ni kuondoka dirishani.

Kwa nini tusimwambie kila mtu atoke kwa pamoja? Kwa sababu ya ngazi. Ngazi ya upana wa mita 1.2 ikijaa hupitisha kama mtu 1 kwa sekunde. Watu 900 katika ngazi mbili ni zaidi ya dakika 7 za foleni, na walio ghorofa inayoungua watakuta ngazi imezibwa na walioanza kushuka kutoka juu na chini yao. Ndiyo maana majengo marefu huanza na ghorofa ya moto na ya juu yake, kisha zinazofuata. Lakini utaratibu wa awamu una masharti ambayo muuzaji wa programu hatakutajia: sakafu ziwe hazina matundu ya nyaya na mabomba yaliyoachwa wazi, na kila ngazi iwe ndani ya kuta na milango inayojifunga yenyewe. Kama maduka yenu yana ngazi ya wazi katikati kutoka chini hadi ghorofa ya 3, moshi utapanda nayo kwa dakika chache. Hapo ghorofa zote zilizounganishwa na ngazi hiyo zihesabiwe kuwa eneo moja na kutolewa pamoja. Na msimamizi wa tukio lazima aweze kubadili uamuzi. Grenfell Tower, London, ilipoungua Juni 14, 2017 na watu 72 kufariki, jengo halikuwa na njia ya kuwapigia wakazi wote ishara ya kutoka hata pale ilipodhihirika kwamba kukaa ndani ni hatari. Uchunguzi uliofuata ulipendekeza majengo marefu ya makazi yawekewe njia hiyo, kwa jengo zima au kwa ghorofa zilizochaguliwa. Kwenu iwe ni swichi chumba cha ulinzi, yenye ufunguo, kwa kila ghorofa na moja ya jengo zima.

Sasa tufike kwenye hiyo akili. Moyo wa mfumo ni jedwali moja la karatasi ambalo mnapaswa kulijaza kabla ya kununua waya wa kwanza. Upande wa kushoto mnaandika kila chanzo: kitambua kimoja cha stoo, viwili vya stoo, kitufe cha ghorofa ya 5, mtiririko wa maji kwenye mabomba ya kunyunyizia, kuzimika kwa umeme, hitilafu ya betri. Juu mnaandika kila tokeo: ujumbe gani na ghorofa ipi, lifti kushuka chini na kufungua, milango ya kadi na sumaku kuachia, feni za kiyoyozi kusimama, valvu ya gesi ya mgahawa kufunga, SMS kwa walinzi, na simu kwa Zimamoto kama mmekubaliana nao. Kila mahali vinapokutana mnaweka alama. Mkandarasi asiyeweza kujaza jedwali hilo pamoja nanyi hajui anachouza, na siku ya makabidhiano jedwali hilohilo ndilo linalojaribiwa mstari kwa mstari.

Programu ya simu, SMS na kamera viunganishwe na paneli kwa njia ya upande mmoja: paneli inatoa taarifa kupitia swichi za rilei, upande wa kompyuta unapokea na kusambaza. Usiwepo uwezo wa kunyamazisha king'ora kutoka kwenye simu ya mtu au kutoka kwenye seva iliyo nchi nyingine. Nywila ikiibwa, intaneti ikikatika au kampuni ikifunga ofisi, tangazo la jengo liendelee kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Jaribio lake ni rahisi, na liandikwe kwenye mkataba: siku ya kupokea mfumo, chomoeni kebo ya intaneti, zimeni umeme wa jengo, msiwashe jenereta, kisha bonyezeni kitufe cha ghorofa ya juu kabisa. Kila spika iseme. Kamera zenye akili bandia zinaweza kuona moshi kwenye stoo yenye dari ndefu na zinamsaidia mlinzi kuangalia bila kupanda, lakini hazioni gizani kwenye moshi mzito wala ndani ya chumba kilichofungwa. Ziwe macho ya ziada.

Kuhusu umeme, paneli na amplifaya za spika ziwe na betri zake, mbali na jenereta. Kipimo cha kawaida ni saa 24 za kusubiri kisha nusu saa ya kulia. Tukichukua mfano, paneli inayotumia ampea 0.4 ikisubiri huhitaji ampea-saa 9.6 (ampea mara saa) kwa saa 24. Ikilia kwa ampea 3 kwa nusu saa ni 1.5, zidisha kwa 1.75 kwa sababu betri ikitolewa umeme kwa kasi hutoa pungufu, unapata kama 2.6. Jumla 12.2, ongeza robo kwa ajili ya uzee wa betri: 15.3. Unanunua betri ya ampea-saa 17 au 18. Amplifaya hula zaidi ya hapo, kwa hiyo dai hesabu hii kwa maandishi kwa kila kabati. Kingine ambacho kwetu husahaulika: betri za madini ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25. Kabati likifungwa kando ya chumba cha jenereta, betri ya miaka minne itakufa kwenye wa pili, na taa ya kijani itaendelea kuwaka kana kwamba yote ni mazima. Mahali hapo pawe na hewa, pawe na kifaa cha kuzuia umeme unaorudi kwa kishindo, na betri zipimwe zikiwa na mzigo.

Nyaya ziwe za kustahimili moto na zishikiliwe na klipu za chuma, kwa kuwa klipu za plastiki huyeyuka na waya kuning'inia mapema kabla haujaungua. Kila ghorofa ipate sakiti mbili za spika zinazopishana, moja A moja B, ili shoti ikitokea kwenye moja, nusu ya spika zibaki na sauti ifike kila pembe. Kitanzi cha vitambua, yaani waya unaoviunganisha vyote, kiwe na vitenganishi vya kukata sehemu yenye hitilafu, ili shoti ya ghorofa moja isizime nyingine. Korido na ofisi za dari ya mita 3 zitahitaji spika kila mita 5 au 6, kila moja ikiwa na sauti ya wastani. Spika chache zenye nguvu nyingi husikika mbali lakini maneno hayaeleweki. Kwenye makazi ambako watu hawatakubali kuta zichimbwe, vifaa visivyo na waya vilivyotengenezwa kwa kazi hii vinafaa, mradi mkandarasi apime mawimbi kupitia zege lenu kwanza na mkubali gharama ya kubadili betri zake.

Mpangaji wako kiziwi apewe taa za kuwaka na kuzima haraka sebuleni, chumbani na bafuni, na pedi ya kutikisa chini ya mto iliyounganishwa na mfumo wenyewe, si na simu. Muulize yeye mwenyewe analala upande gani na anapenda nini. Mfumo uliowekwa bila kumshirikisha huchomolewa. Taa ziwekwe pia vyoo vya ofisini na vyumba vya mikutano, na zinazoonekana pamoja ziwake na kuzima kwa pamoja, zisimdhuru mwenye kifafa. Mzee wa kiti cha magurudumu anahitaji sehemu ya kusubiri ndani ya ngazi iliyolindwa, isiyoziba njia, yenye kitufe cha kuongea na chumba cha ulinzi kwa pande zote mbili, na watu wawili waliotajwa kwa majina, pamoja na wa akiba wawili, watakaomfuata. Kiti maalumu cha kushukia ngazi kina maana tu kama wamefanya mazoezi nacho. Mkiweza kumhamishia ghorofa za chini za makazi, mfanyieni hivyo.

Kama fedha haitoshi kwa pamoja, ningeenda hivi. Mwezi huu, kabla ya kununua chochote, ondoeni mizigo kwenye ngazi na fungueni milango iliyofungwa kwa kufuli, kwa sababu tangazo zuri linaloelekeza watu kwenye ngazi iliyojaa marobota ni mtego. Safisheni au badilisheni vitambua vibovu. Kisha paneli ya anwani na vitambua vya stoo na maduka, ambako moto una uwezekano mkubwa wa kuanza. Kisha sauti ndani ya nyumba za ghorofa ya 9 kwenda juu, ambako watu wamelala. Spika za ofisi zifuate, na simu na kamera ziwe mwisho. Muuzaji atakuomba uanze na mwisho kwa kuwa ndio wa haraka na unaoonekana kwenye skrini. Orodha ya namba za wapangaji nayo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Chukueni ridhaa, elezeni matumizi, na ifanyiwe usafi kila miezi mitatu.

Mfumo ukishakamilika, bonyezeni kitufe kimoja kila wiki, siku na saa ileile, kila wiki kitufe tofauti, na mwandike daftarini. Zoezi la kutoka lifanyike angalau mara mbili kwa mwaka, na moja liwe jioni familia zikiwepo. Watu waambiwe kuwa ni zoezi. Novemba 2015 chuo kikuu kimoja cha Nairobi kilifanya zoezi la shambulio kwa milio ya risasi bila wengi kujua. Watu waliruka kutoka ghorofani, makumi wakaumia na mfanyakazi mmoja akafariki.

Kuna mambo ambayo sitaweza kukujibu bila mtu kufika. Kama sakafu na ngazi zenu zinazuia moshi kiasi cha kuruhusu kutoka kwa awamu, hilo linaamuliwa na mhandisi aliyesajiliwa baada ya kufungua dari na kuangalia matundu. Usikivu wa maneno ya spika unapimwa kwa mashine, mchana wa biashara na usiku wa kimya. Michoro ipelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya kazi kuanza, na waombeni waje waone chumba cha ulinzi, maana wao ndio watakaotumia hizo swichi. Msiache mfumo uwapigie simu Zimamoto wenyewe bila makubaliano nao. Namba yao 114 ipigwe na binadamu, mapema, hata kabla hamjathibitisha ukubwa wa moto. Na mkiona nyufa mpya kwenye nguzo, milango iliyoanza kukwama au mlio wa zege, msisubiri kifaa chochote kiseme: toeni watu wote kwa sauti zenu, kisha mwiteni mhandisi wa majengo siku hiyohiyo.